Leta ya Zamani, Ongeza Hela

Ukishuka stendi ya Makumbusho mchana, kabla hujajua magari ya Tegeta yanasimama upande gani, utakuwa umeshaulizwa kama unauza simu. Wanaouliza ni vijana waliosimama mbele ya fremu nyembamba zilizobanana kandokando ya stendi. Kila fremu ina kabati la kioo, kila kabati limejaa simu zilizolazwa chali, na juu yake pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: TUNANUNUA, TUNAUZA, LETA YA ZAMANI ONGEZA HELA. Vijana hawa hawabahatishi. Jicho lao linaanzia mkononi mwa abiria. Aliyeshika simu yenye ufa ni mteja. Aliyeshika simu mpya inayong'aa naye ni mteja, ila huyo anauziwa kava.

Stendi imepata jina kwa jirani yake, Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za asili za makabila ya Tanzania zimejengwa na kutunzwa ili watoto wa shule waje waone mababu zao waliishije. Si mbali na hapo, simu iliyotoka miaka minne iliyopita inaitwa ya kizamani, na anayeiita hivyo hana hata chembe ya utani.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ukikaa Makumbusho jioni moja unaweza kuapa kwamba wote wameamua kubadilisha simu wiki hiyo hiyo. Mwenye fremu mmoja alinikubalia nikae kwenye stuli yake ya plastiki, kwa sharti kwamba nisimtaje na nisizibe mlango.

Mteja wa kwanza niliyemwona akihudumiwa kwa kirefu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, mkoba begani, kitenge kiunoni juu ya sketi. Alitoa Samsung iliyovishwa kava la ngozi, kava limekwisha rangi kwa kushikwa.

"Karibu mama. Tunauza au tunaongeza?"

"Naongeza, mwanangu. Nimechoka nayo. Kila siku inaniambia imejaa."

Kijana aliivua kava, akaifuta kifuani kwa fulana yake, akaipeleka kwenye mwanga. Nilidhani atatazama kioo kwanza. Hapana. Alianza na tundu la chaji, akalichungulia kama daktari wa meno, akatumbukiza waya na kuutikisa aone kama chaji inakatika. Kisha akabonyeza pembe nne za kioo kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, kusikiliza kama kuna inayolia. Kioo kilichobadilishwa na kubandikwa gundi ya haraka hulia. Akafungua picha nyeupe tupu, akainamisha simu huku na huku akitafuta doa au kivuli cha maandishi kilichoganda. Akafungua nyeusi, akitafuta ule mstari mwembamba wa kijani ambao ukishatokea kwenye simu za namna hii hauna dawa ila kioo kipya. Akapiga picha sakafu, akapiga picha dari. Akarekodi sauti yake akihesabu mpaka tano na kuisikiliza. Akampigia jamaa wa fremu ya tatu: "Unanisikia? Poa." Yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa soda.

Mwisho akabonyeza *#06#, tarakimu 15 zikajitokeza, na hapo ndipo alipoinua uso kwa mara ya kwanza.

"Boksi unalo, mama?"

"Boksi! Nani anatunza boksi?"

"Risiti?"

"Baba, hiyo simu niliinunua mwanangu wa mwisho akiwa darasa la tano. Sasa hivi yuko kidato cha pili."

"Basi nitakuhesabia tisini."

"Tisini? Nilinunua laki nne na ushee!"

"Ungekuwa na boksi tungeongea laki na thelathini. Simu ni nzuri, mama, sikatai. Ila haina kwao."

Mwalimu hakukasirika. Aliomba simu yake, akampigia binti nyumbani, akamwagiza afungue droo ya cherehani. Boksi lilikuwako. Lilikuwa limejaa vifungo na nyuzi. Binti akavimwaga kitandani, akapiga picha ile lebo ya pembeni yenye namba, akaituma kwa WhatsApp, ikaingia kwenye simu ile ile inayouzwa. Kijana akalinganisha tarakimu moja moja huku midomo ikicheza. Wakaafikiana laki na ishirini, boksi liletwe kesho, na mwalimu akaongeza noti kumi na nane za msimbazi juu yake akaondoka na simu nyingine yenye nafasi kubwa zaidi.

Elfu thelathini kwa kipande cha karatasi ngumu kilichokuwa kikihifadhi vifungo. Mgeni anaweza kuona ni ujanja wa wafanyabiashara. Mimi nilivyozidi kukaa pale ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kioo, betri na kamera vinapangiwa bei haraka tu, bila kelele. Kinachobishaniwa ni simu imetoka wapi, na nani atasimama kuisemea.

Mazoea haya yana tarehe. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo iliyoweka msingi wa rajisi ya kutambua vifaa vya mawasiliano, na rajisi yenyewe ilizinduliwa Desemba 2015. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikawapa watu miezi sita, ikawafundisha kutuma zile tarakimu 15 kwenda 15090 ili waambiwe simu yao ni ya aina gani, kisha Juni 16, 2016 ikazima simu bandia nchi nzima. Wengi wanaikumbuka asubuhi ile. Simu zile zenye laini mbili tatu, antena ya runinga na spika ya kutikisa meza zilibaki kuwa saa na tochi. Waliokuwa wamejaza makabati yao waliumia, na waliobaki katika biashara walijifunza kusoma namba kabla ya kusoma jina lililochorwa mgongoni. Mpaka leo, majibu yakirudi yakitaja simu nyingine tofauti na iliyo mkononi, mazungumzo yanaishia hapo hapo na simu inarudishwa kwa mwenyewe kwa adabu, kama mtu anayerudishiwa noti yenye mashaka.

Halafu kuna wizi. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na wenye fremu wanakijua kwa maana yake hata kama hawakijui kwa namba. Chini ya kabati yule kijana alikuwa na daftari la kaunta, jalada gumu, kurasa zimevimba kwa mikono yenye jasho. Ndani yake: tarehe, jina la muuzaji, namba ya kitambulisho cha NIDA, aina ya simu, zile tarakimu 15, bei, saini, na kwa wasiojiamini na kalamu, dole gumba. Kwa simu za bei kubwa anaandika hati ya mauziano na kubaki na nakala ya kitambulisho. Asiyetaka kuandika, hanunuliwi. Nilimwona akimkatalia kijana mmoja mchangamfu aliyeleta iPhone safi, haina mkwaruzo, kwa bei ambayo hata mimi nisiyejua biashara niliiona ni ya kutupa. "Kitambulisho nimeacha nyumbani, bosi." "Basi na simu irudishe nyumbani, mje wote." Akacheka, akaondoka, akasimama fremu mbili mbele. Sikuona mwisho wake.

Katika makabati hayo hayo kuna simu ambazo hazidaiwi boksi wala risiti: zile za Dubai. Wateja wa Marekani na Ulaya wanaporudisha simu zao kuukuu madukani ili wapunguziwe bei ya mpya, mzigo hukusanywa, hupangwa kwa madaraja, huuzwa kwa jumla, na sehemu yake hupitia Hong Kong na Dubai kabla ya kutua Kariakoo ndani ya mabegi na makatoni. iPhone na Google Pixel nyingi unazoziona kwa vijana wa Dar zimepita njia hiyo. Zimeshikwa na mtu tusiyemjua, zikafunguliwa na fundi tusiyemjua, lakini ukisema tu "ya Dubai, imeingia juzi," mteja anatulia. Yule mwalimu aliyeivisha yake kava la ngozi ndiye anayehojiwa kama mtuhumiwa. Nilimwambia mwenye fremu kwamba naona hapo kuna kujidharau. Akanikatiza: "Kaka, ya Dubai hata kama iliibwa, mwenyewe hatakuja Makumbusho." Hoja hiyo sikuwa na jibu lake.

Wanaonunua mpya nao wana hesabu zao. Mwaka 2021 Serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 18, kwenye simu janja na vishikwambi. Mwaka uliofuata ikairudisha. Ukiwauliza wauzaji bei ilishuka kiasi gani katikati ya miaka hiyo miwili, wanaangaliana. Ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida haoni aibu kuzunguka na simu iliyokwisha kuwa na mabwana wawili. Aibu ni kuuziwa iliyokufa.

Kutoka Makumbusho kwenda Temeke, daladala hufuata barabara ya Kawawa kuanzia Morocco: Kinondoni, Magomeni, Kigogo, Ilala, mpaka inapoivuka barabara ya Nyerere na kuingia Chang'ombe. Foleni ya Kigogo ilitupa muda wa kutosha kufahamiana. Konda alikuwa akipita akigonga bati: "Dirishani huko, simu ndani! Simu ndani, dada, utakuja kunilaumu." Dada aliyeambiwa aliirudisha simu kwenye mkoba, akafunga dirisha nusu, tukaendelea kuiva kwa joto. Mkono unaoingia dirishani kwenye foleni unajua njia ya kwenda kwenye fremu, na wenye fremu wanajua kwamba unaijua. Daftari la Makumbusho na dirisha la Kigogo ni mambo ya biashara moja.

Kariakoo niliipita kando makusudi. Kule mawinga watakupeleka duka wasilolimiliki na kukuuzia simu wasiyoijua, na cha juu chao kimeshajumlishwa kabla hujasalimiana na mwenye mali. Hayo yameandikwa vya kutosha.

Tandika, huko Temeke, haina makabati mengi ya kioo. Ina meza, maturubai, na miavuli iliyochapwa majina ya kampuni za simu. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara jiji zima. Sehemu nyingi wamerudi, kwa hatua ndogo ndogo, meza moja baada ya nyingine. Hapa simu zinauzwa jirani na pasi, rimoti zisizo na runinga, sabufa, na redio za kaseti ambazo mwenyewe anaapa bado zinapiga. Niliziona hata runinga mbili za chogo, vumbi mgongoni. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, watu walielewa kwamba chogo imekufa, wakazitoa kwa bei ya kuku. Waliotulia walinunua king'amuzi, wakachomeka, wakaendelea kutazama taarifa ya habari. Muuzaji aliniambia hizo mbili hazinunuliwi na wenye nyumba; wanaozitaka ni wenye vibanda vya michezo ya video, kwa sababu watoto wakizipiga ngumi hazivunjiki.

Nyuma ya meza hizo, kwenye kibaraza chenye kivuli cha mwarobaini, alikaa fundi niliyeelekezwa. Meza yake ilikuwa na kila kitu kwa kiasi: solda, mashine ya kupulizia hewa ya moto, kibanio chembamba, mswaki uliokwisha meno, kikopo cha petroli, kompyuta mpakato isiyo na kifuniko cha betri, na ubao wa sumaku wenye skrubu zilizopangwa kwa duara ili zisisahau simu zao. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kucha ndefu ya kidole gumba. Ndiyo anayofungulia vioo.

Nilimkuta na mzee wa kanzu, mkazi wa Yombo, pamoja na kijana aliyenunua simu ya mzee huyo siku mbili nyuma. Mtoto wa mzee alikuwa amemletea simu mpya kutoka Muscat, mzee akaiuza ya zamani kwa jirani, elfu themanini, mashahidi wakiwepo. Kijana akaifuta simu yote ili aanze upya, na simu ikamgomea: inataka akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Ulinzi huo uliingia kwenye simu za Android kuanzia toleo la 2015, na iPhone ilitangulia miaka miwili kabla. Ukiifuta simu bila kuondoa akaunti kwanza, inakuwa tofali.

"Shikamoo mzee," fundi alisema. "Hapa simu inaomba akaunti yako."

"Marahaba. Akaunti ipi? Mimi ninayo ya NMB tu."

"Ya Google, mzee. Ile yenye neno la siri."

"Aliniwekea kijana wa dukani. Mimi nilimpa simu, akanirudishia inafanya kazi. Neno la siri analo yeye."

Fundi aliniangalia, akatabasamu bila furaha. Hii, alisema, ndiyo kesi anayokutana nayo kuliko zote, kuliko vioo, kuliko betri. Mtu ananunua simu, hajui kuiwasha, kijana wa dukani anabuni barua pepe hapo hapo, jina la kwanza na tarakimu zozote, neno la siri analolitumia kwa wateja wote wa siku hiyo, kisha anasahau. Miaka mitatu simu inafanya kazi. Siku ya kuiuza ndipo inapobainika kwamba mbele ya mtambo ulioko ng'ambo ya bahari, simu haijawahi kuwa ya mzee. Ina mwenyewe, naye ni mtu wa kubuni.

Mzee alianza kutoa maelezo ambayo hakuna aliyemwomba: kwamba yeye si mwizi, kwamba mjumbe wake yupo, kwamba kijana huyu ni jirani yake, na yeye na baba wa kijana walisali wote. Yule kijana alikuwa akitazama chini kwa aibu kwa sababu ni yeye aliyemleta. Palikuwa hapapendezi. Mtu wa miaka sabini anajitetea mbele ya kitu kinachomwandikia kwa Kiingereza athibitishe kuwa ni yeye.

Kuna njia ya kupita. Fundi anaunganisha simu na kompyuta, anaendesha programu, baada ya dakika chache kufuli linaruka. Anatoza elfu kumi na tano. Nilimwuliza swali ambalo bila shaka ameulizwa sana: programu hiyo hiyo haifungui simu iliyoporwa Kigogo? Hakuruka. "Inafungua. Ndiyo maana nimemwuliza mzee boksi." Boksi lilikuwepo, mzee alilifungua kutoka kwenye mfuko wa Rambo, limekunjwa kwa uangalifu, na ndani yake risiti imefifia mpaka ikawa karatasi nyeupe yenye historia. Namba ilisomeka. Fundi akafanya kazi. Wapo wenzake wasiouliza boksi, na wana wateja wengi kuliko yeye. Hilo nalo alilisema mwenyewe, huku akipuliza vumbi kwenye tundu la chaji.

Wakati kompyuta ikichakata, alinionyesha kopo la maziwa ya unga lililojaa kadi za kumbukumbu na laini za simu zilizoachwa na wauzaji. Watu wanauza simu kama wanavyouza godoro: wanakung'uta juu juu. Ndani zinabaki picha za harusi, vyeti vilivyopigwa picha, ujumbe wa mikopo, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu na yenye pochi ya fedha. Tangu laini zilipofungwa na alama za vidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa, laini ni nusu ya mtu. Ukibonyeza *106# unaweza kuona ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na wengine hukuta wageni humo. Yeye laini huzivunja. Kadi za kumbukumbu huzitunza mwezi mmoja, maana wenye picha za marehemu hurudi.

Akaja dereva wa bodaboda, helmeti mkononi, anataka kuuza Tecno yenye umri wa miezi minne. Fundi hakuipokea. Aliitazama tu kwa mbali ile alama ndogo iliyo juu ya kioo.

"Hiyo ya mkopo, kaka."

"Nimebakiza kidogo tu. Wewe si unaitoa?"

"Nikiitoa leo, ikishika mtandao kesho inajifunga tena. Aliyenunua atakuja na wenzake hapa. Kalipe, wakikufungulia njoo, nitakupa bei ya kaka."

Simu hizi za kulipa kidogo kidogo zimeenea kwa haraka. Unatanguliza kiasi, unalipa kila siku au kila wiki kwa simu yenyewe, ukichelewa inazimwa kutoka mbali. Ni msaada wa kweli kwa asiye na laki tatu kwa mkupuo, na jumla yake mwisho wa safari ni kubwa kuliko bei ya dukani. Sokoni zimeleta kitu kipya: mtu mwenye boksi, risiti, kitambulisho na sura inayofahamika kijiweni, na bado simu si ya kuuza. Dereva alisimama kidogo akihesabu kwa vidole wiki zilizobaki. Kisha akaulizwa nauli ya Mtoni, akaondoka na abiria.

Simu ambazo hazina tena cha kuuzwa zinaishia kwenye gunia lililo chini ya meza. Fundi huzivua kwanza: kamera hii, spika ile, tundu la chaji, kioo kama kizima. Bodi tupu huja kununuliwa kwa kilo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Tanzania ina kanuni zake za taka hizo tangu 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Lakini kwenye kibaraza kile msimamizi wa mazingira ni njaa ya spea. Kinachofika dampo la Pugu Kinyamwezi kutoka kwa fundi huyu ni plastiki, gundi na betri zilizovimba, na hizo betri ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa kuwa hakuna anayezigombea.

Nilimalizia Mbagala Rangi Tatu, ambako barabara ya Kilwa inaacha kuwa ya mjini. Magari ya Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri na Kilwa yanapakia hapa, na mabasi ya Lindi na Mtwara hupita. Simu ambayo Makumbusho imeshushwa daraja na Tandika imebadilishwa kioo, hapa inapandishwa hadhi tena. Mama mmoja mwenye meza karibu na wauza mihogo ananunua kutoka kwa mafundi, anaweka betri mpya, anazipanga kwa rangi za kava. Wateja wake wanashuka kusini. Msimu anaujua kwa korosho: minada ikianza Oktoba, simu za kugusa zinatoka, ikifika Machi wanataka kitochi, chaji ikae wiki. Kwa simu kuukuu zisizoshika mtandao wa kasi hana dharau. "Huko wanakokwenda na mtandao wenyewe ni wa kutafuta juu ya kichuguu, anko. Itashika kinachokuja."

Boksi haliulizwi sana hapa. Nilishangaa, maana safari nzima lilikuwa ndilo neno. Akanieleza kwamba anawanunulia mafundi wawili tu, wa siku zote, na wateja wake nao wanarudi na magari yale yale. Simu ikileta matatizo, mtu wa Ikwiriri anamtumia konda, konda anaileta mezani, inabadilishwa. Hapo nikaelewa kwa nini bei yake iko juu kidogo ya Tandika na bado meza yake haikauki watu.

Lakini simu nyingi zinazopanda magari haya hazijauzwa kabisa. Mtu ameambiwa Makumbusho kwamba simu yake ni ya elfu hamsini, amepiga hesabu, ameona elfu hamsini itaisha Jumamosi, na mama yake yuko Kibiti hana kitu. Nadhani huo ndio uamuzi wenye akili kuliko yote niliyoyaona, mradi mtu aondoe akaunti yake kwanza na akumbuke kwamba simu janja kijijini inadai bando na pa kuchajia, na bili hiyo itamrudia yeye.

Mmoja wao alikuwa dirishani kwa konda wa gari la Kibiti, kijana mwenye fulana ya Yanga, ameshika kifurushi kilichozungushwa selotepu mpaka kikawa yai.

"Simu hiyo?" konda aliuliza.

"Simu, na chaji yake."

"Buku tano."

"Tatu, kaka. Ni ya zamani."

"Ya zamani nayo inaibwa. Nne. Jina la mpokeaji?"

Alitaja. Konda akaandika kwa kalamu nene juu ya selotepu, wino ukawa unateleza, akaandika tena.

"Namba yake ya simu?"

"Hana. Ndiyo hiyo namtumia."

Konda aliinua kalamu. "Sasa nikifika nampigia nani?"

Kijana akafikiri. "Weka ya mwenye duka pale stendi. Mwambie amwite mama yangu."

"Namba?"

"Imo kwenye hiyo simu."

Wakaanza kuifungua selotepu.